Jinsi ya kuwatazama na kuwahesabu ndege kwenye ukingo wa Ziwa Turkana: mwongozo kamili

Barabara ya kutoka Lodwar kwenda Kalokol ni ya kilomita kama 60, na karibu yote ni mchanga, mawe na miiba. Kisha ziwa linajitokeza, na kila mgeni hukodolea macho yale maji ya kijani. Nakuomba uyashushe macho hadi pale maji yanapokutana na nchi kavu. Kuna utepe wa tope pale, mahali pengine upana wake ni hatua tatu, pengine hatua mia tatu. Ndege wengi wa Turkana wanaishi kwenye utepe huo. Ukijua kuusoma, utawapata bila kuhangaika. Usipoujua utatembea nusu siku juani ukaishia kuona mwewe mmoja na punda wa watu.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kwenda kuwatazama ndege wa ziwa hili na kuwahesabu kwa namna itakayomfaa mwingine baadaye. Nimeuandika nikifikiria zaidi upande wa magharibi, kaunti ya Turkana, kwa kuwa ndiko kunakofikika kwa urahisi, ila mengi yatakufaa hata ukiwa Loiyangalani au hifadhi ya Sibiloi, ng’ambo ya mashariki.

Kabla ya safari: elewa ukingo unaohama

Turkana ndilo ziwa la kudumu la jangwani lililo kubwa kuliko yote duniani. Urefu wake ni karibu kilomita 250 na eneo lake linapita kilomita za mraba 6,000. Takriban asilimia 90 ya maji yake huletwa na Mto Omo kutoka nyanda za juu za Ethiopia; Turkwel na Kerio huchangia kidogo, tena kwa msimu. Hakuna mto unaotoka. Maji huondoka kwa jua na upepo tu, zaidi ya mita 2 kila mwaka, na chumvi zake hubaki nyuma. Ndiyo maana maji haya yana magadi, na ndiyo maana kimo cha ziwa hakitulii.

Sasa fikiria ufuo unaoshuka sentimita 1 kwa kila mita 5 unazotembea. Kimo cha maji kikipungua mita 1 tu, tope la upana wa mita 500 linabaki wazi, bado bichi, limejaa mabuu na majani yaliyooza. Kimo kikipanda, lote linazama. Ndege wanaujua mchezo huu, nao huufuata ukingo popote unapoenda.

Ghuba ya Ferguson, pale Kalokol, inaonyesha jambo hili vizuri kuliko mahali pengine popote. Mapema miaka ya 1980 kiwanda cha samaki kilijengwa pale kwa msaada wa Norway. Muda si mrefu ziwa likashuka na ghuba ikakauka. Miaka mingi baadaye, hasa 2020, ziwa lilipanda hadi likameza nyumba na barabara za ufuoni. Ramani uliyochapisha miaka michache iliyopita inaweza kukupeleka katikati ya maji. Chukua picha ya setilaiti ya karibuni kabisa kabla hujaondoka, uihifadhi kwenye simu.

Kuna jambo jingine la kuweka akilini. Zamani mafuriko ya Omo yalishuka kwa nguvu baada ya mvua za Juni hadi Septemba kule Ethiopia, na ziwa likapanda kuelekea Oktoba na Novemba. Bwawa la Gibe III, lililoanza kujazwa mwaka 2015 na kuzinduliwa 2016, limebadili mapigo hayo. Mwaka 2018 UNESCO iliziweka hifadhi za Ziwa Turkana kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Kwa mhesabu ndege maana yake ni moja: kipimo cha ukingo unachokiandika leo kina thamani sawa na idadi ya ndege unayoiandika kando yake. Nitarudi kwenye hilo.

Chagua mwezi

Ndege wageni kutoka kaskazini huanza kufika Agosti na Septemba, hukaa wakati wa baridi ya kwao, na huondoka Aprili hadi mapema Mei. Ukitaka wingi, nenda Januari au Februari. Januari ndio mwezi wa hesabu ya kila mwaka ya ndege wa majini nchini, kwa hiyo takwimu zako zitalingana na za maziwa mengine. Ukitaka uzuri, nenda Aprili. Vitwitwi, ndege wadogo wa tope, waliokuwa kijivu miezi yote wanakuwa wamevaa rangi ya kutu vifuani, wamenenepa, wanakula kama wenye haraka, na siku moja unaamka tope ni tupu. Aprili pia ni mwezi wa mvua. Laga, yaani mkondo wa mto wa msimu, lililo kavu asubuhi laweza kuwa mto jioni, nawe ukalala upande usioutarajia. Weka siku mbili za akiba.

Chagua mahali

Ukingo wa Turkana si wa aina moja. Kusini, kuelekea Loiyangalani, ni mawe meusi ya volkeno yanayoshuka moja kwa moja majini. Pale utaona mnandi, koikoi na kwazi, lakini ndege wa tope ni wachache kwa sababu tope lenyewe halipo. Fukwe wazi za mchanga ni mahali pa kupumzikia buabua na shakwe. Utajiri uko kwenye ghuba zilizokingwa na upepo na kwenye midomo ya mito: Ghuba ya Ferguson, mdomo wa Turkwel, mdomo wa Kerio, Ghuba ya Allia ndani ya Sibiloi, na delta ya Omo mpakani mwa Ethiopia.

Kwa mara ya kwanza nenda Ferguson. Unalala Kalokol au Eliye Springs, unafika ukingoni mapema, na watu wa pale wamezoea wageni. Delta ya Omo iache hadi uwe na wenyeji wanaokujua. Mpaka ule umeshuhudia mapigano ya muda mrefu kati ya jamii za wavuvi na wafugaji, na hali hubadilika upesi.

Kisiwa cha Kati ni safari yake peke yake. Kina maziwa matatu ndani ya kreta: la Mamba, la Flamingo na la Tilapia. Mamba hutaga huko, na huko pia huzaa Rynchops flavirostris, ndege mweusi kwa mweupe ambaye taya lake la chini ni refu kuliko la juu. Huruka akigusa maji na kuyalima kwa domo mpaka samaki mdogo agongane nalo. Kisiwa ni hifadhi ya taifa, kwa hiyo lipa ada ya KWS, shirika la wanyamapori, kwa eCitizen, tovuti ya serikali, ukiwa bado Lodwar, ambako mtandao ni wa kutegemewa. Ukikuta ndege hao wamelala mchangani, usishuke hapo. Mayai yao hukaa wazi juu ya mchanga, na mama akiondoka dakika chache za saa sita mchana, jua linayamaliza.

Jitambulishe

Ukingo una wenyewe. Kabla hujafungua darubini, mwone chifu au mzee wa kijiji, kisha viongozi wa BMU, kamati ya wavuvi wa ufuo huo. Waambie unafanya nini na utakaa siku ngapi. Mtu anayezunguka na darubini na daftari huzua maswali, na ni haki yao kuuliza.

Tafuta kijana wa pale akuongoze, mlipe vizuri, na mwulize maswali ya wavuvi: maji yalikuwa wapi mwezi uliopita? Wapi mguu unazama? Mzee mmoja pale Longech, kando ya Ghuba ya Ferguson, aliwahi kuniambia, “Mwanangu, ukiona wale weupe wengi wamesimama mbali na nchi, jua pale maji hayafiki goti.” Alikuwa akiniambia mahali pa kutupa nyavu, na kumbe alinipa pia ramani ya heroe, yaani flamingo.

Vifaa

Darubini ya macho mawili ya 8x42 inatosha kwa kazi nyingi. Ukiweza kuazima darubini kubwa ya kusimamisha kwa miguu mitatu, iazime, kwa kuwa nusu ya ndege watakuwa mbali. Beba kaunta ya kubonyeza, daftari gumu na penseli. Wino wa kalamu huenda na jasho. Simu iwe na ramani zinazofunguka bila mtandao, na betri ya akiba. Pakia kila kitu chenye kioo kwenye mfuko unaofungwa kabisa. Mchanga wa Turkana huingia kokote.

Maji ya kunywa usipungukiwe: lita 5 kwa mtu kwa siku, na zaidi kama utatembea mchana. Usitegemee ya ziwa, yana magadi na floridi nyingi. Yabebe kwenye jerikeni na chupa za kutumika tena, kwa sababu tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi zote za Kenya, Kisiwa cha Kati kikiwemo.

Droni iache nyumbani. Inahitaji vibali, na kundi la ndege 5,000 likiishaona kivuli chake halirudi mahali pake siku hiyo.

Panga jua na upepo

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Ukiwa upande wa magharibi, ziwa liko mashariki yako, kwa hiyo asubuhi jua linakupiga usoni na kila ndege ni kivuli cheusi. Wakati huohuo asubuhi ndiyo saa nzuri, kwa kuwa kuanzia saa tatu au saa nne mazigazi huanza kucheza juu ya tope na hata miguu ya ndege unaiona kama imeyeyuka.

Dawa yake pale Ferguson ni ulimi wa mchanga wa Longech, unaoitenga ghuba na ziwa kubwa. Vuka kwa boti gizani au jioni iliyotangulia, simama juu ya ulimi ukitazama magharibi, ndani ya ghuba. Jua linachomoza nyuma yako na tope lote liko mbele likiwa limeangazwa. Kwingineko upande huu wa ziwa, fanya hesabu kuanzia saa kumi alasiri hadi jua lishuke. Upande wa mashariki ni kinyume chake.

Upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu usiku na asubuhi. Kwenye upande wa magharibi huleta mawimbi na kusukuma maji juu ya tope, kwa hiyo utepe uliouona jana jioni waweza kuwa mwembamba leo alfajiri. Ndege hujificha nyuma ya kila kitu kinachokinga: mtumbwi uliopinduliwa, kichuguu cha mchanga, hata mashimo ya kwato za ng’ombe. Chunguza hapo kwanza.

Soma miguu kabla ya kusoma manyoya

Anayeanza hufungua kitabu na kutafuta rangi. Ndege wa tope, hasa wageni wakiwa hapa, wengi wao ni kijivu juu na weupe chini, na rangi itakuchosha bure. Anza na swali hili: amesimama kwenye maji ya kina gani?

Kitwitwi mdogo, Calidris minuta, ana miguu mifupi. Yeye hubaki kwenye tope lenye utando tu wa maji, pale linapong’aa kama limepakwa mafuta. Hatua chache ndani zaidi kuna chekeamwezi wenye miguu ya kati, maji yakiwafika gotini. Zaidi ya hapo yuko Himantopus himantopus, mwenye miguu ya waridi mirefu kama vijiti. Kisha domomwiko, anayefagia maji kushoto na kulia kwa domo lake. Kisha heroe, ambao wengi tunawaita flamingo, vichwa vimepinduliwa chini. Mwisho kabisa mwari, wanaoelea. Upande wa nchi kavu mpangilio unaendelea: kwenye tope lililopasuka na nyasi fupi zilizolishwa na mbuzi wako vitwitwi wa nchi kavu wanaokimbia na kusimama ghafla, na mabata bukini wa Misri.

Ukishauona mpangilio huo unaweza kusimama mbali na kukisia nani yuko wapi. Unaweza pia kuona kilichopungua. Kama maji yamepanda na utando ule wa kung’aa umetoweka, kitwitwi mdogo hana mahali pa kusimama hata kama ziwa limejaa chakula. Heroe hatajali. Ndiyo maana namba moja ya “ndege wote” haisemi kitu cha maana.

Lala kifudifudi angalau mara moja, mita 15 kutoka ukingoni, kwenye mchanga mkavu mahali ambapo kiongozi wako amesema hakuna mamba. Subiri dakika ishirini. Vitwitwi watarudi wenyewe. Nilipofanya hivyo, mmoja alinikaribia mpaka nikaona tope limeganda kwenye ukucha wake. Ni ndege wa gramu 20 hadi 30, si mzito kuliko barua. Alidonoa kama cherehani, hatua mbili, donoa, donoa, na kila mara tope liliachiwa tundu dogo la ncha ya penseli. Mara moja aliinua kitu chekundu, chembamba, kikijinyonganyonga: buu la wadudu wale wanaofanana na mbu ila hawaumi. Alikimeza na kuendelea. Kwa mabuu ya namna hiyo ndege huyu hujaza mafuta yatakayomrudisha kwenye tundra ya Aktiki. Kwenye ziwa hili kumewahi kuhesabiwa zaidi ya vitwitwi wadogo 100,000, na spishi za ndege zilizorekodiwa eneo zima zinapita 350.

Kuhusu majina: Kiswahili chetu cha ndege wa ukingoni bado hakijatulia, na kitwitwi kwa mmoja ni chekeamwezi kwa mwingine. Andika jina la kisayansi daftarini hata kama mdomoni unatumia jina la nyumbani.

Hesabu

Gawa ukingo kwa vipande vya kilomita 1, ukiweka alama ya mwanzo na mwisho kwenye simu. Nendeni wawili: mmoja anatazama na kutaja, mwingine anaandika. Tembeeni upande mmoja tu. Ndege wakiruka kutoka nyuma yenu kwenda mbele, waandike pembeni na uwatoe kwenye kipande kinachofuata. Wakiruka kutoka mbele kurudi nyuma, wahesabu hapohapo, maana hamtawakuta tena.

Kundi dogo hesabu mmoja mmoja. Kundi kubwa hesabu kumi kwa uangalifu, lishike jichoni lile umbo la kumi, kisha lipange juu ya kundi mara ngapi. Ukizoea, nenda kwa hamsini, halafu kwa mia. Wanaoanza karibu wote huhesabu pungufu kundi likisongamana, kwa hiyo rudia mara tatu na uchukue wastani.

Makundi mchanganyiko ndiyo yanayosumbua. Tuseme umekadiria ndege 3,000. Chagua sehemu tatu tofauti za kundi, na katika kila sehemu tambua ndege 100. Ukipata vitwitwi wadogo 70, 64 na 76, wastani ni 70 kwa kila mia, yaani 2,100. Usichukue sampuli zote ukingoni mwa kundi, kwa kuwa spishi hazijichanganyi sawasawa. Ambao hukuwatambua waandike hivyo: “kitwitwi, spishi haikujulikana, 200.” Namba hiyo ina faida kuliko jina la kubahatisha.

Vichwa vikiinuka vyote kwa pamoja, simama. Umekaribia mno. Rudi hatua kumi, kaa chini. Kila mara kundi linaporuka linachoma mafuta lililoyahangaikia, na mwezi wa Aprili mafuta hayo ni uhai wao.

Sasa kile kipimo nilichokiahidi. Katika kila kipande chagua kitu kisichohama, mkoma au jiwe kubwa, chukua alama yake kwenye simu, na upime kwa hatua au kamba kutoka hapo hadi maji. Pima pia upana wa tope linalong’aa. Piga picha ukiwa umesimama palepale, ukielekea upande uleule. Andika upepo, saa, mifugo, mitumbwi na nyavu zilizotandazwa. Andika pia kama mathenge, ule mti wa miiba unaosambaa upesi, imefika ukingoni, kwa sababu kichaka chake kikishafunga ufuo ndege wa tope hawatui.

Usalama, bila kupunguza neno

Mamba wa Turkana ni wengi na hawaonekani. Kaa mita 10 kutoka majini isipokuwa mwenyeji amekwambia vinginevyo, usiingie hata kifundoni, na usichutame kando ya matete. Viboko hutoka usiku kula nyasi. Vaa buti, kuna nge, na kuna nyoka mdogo wa jamii ya kifutu, Echis, anayelala mchangani na sumu yake inaua. Usiku usitembee bila tochi.

Kwenye boti vaa jaketi okozi kabla ya kuondoka nchi kavu. Nahodha akisema leo hapana, ni hapana. Ukipata ndege aliyekufa usimshike kwa mkono mtupu, na ukikuta wengi wamekufa pamoja, piga picha na uwaarifu KWS siku hiyohiyo.

Peleka takwimu

Usilale na daftari. Jioni hiyohiyo, mkiwa bado mnakumbuka, pitieni kila kipande na msahihishe. Rekodi za spishi unaweza kuziingiza kwenye Kenya Bird Map, ramani ya ndege wa nchi nzima, kwa programu ya simu ya BirdLasser, inayofanya kazi bila mtandao na kutuma baadaye. Hesabu kamili pamoja na vipimo vya ukingo zipeleke Makavazi ya Kitaifa ya Kenya (National Museums of Kenya), kitengo cha ndege, au kwa Nature Kenya, chama cha uhifadhi wa mazingira. Wao ndio wanaoratibu hesabu ya Januari. Ukisoma namba kwenye pete ya mguuni mwa ndege, iandike yote, piga picha, na uitume kwenye mpango wa kuvisha ndege pete wa Afrika Mashariki, ulio hapo Makavazi.

Nakala moja mwachie mwenyekiti wa BMU, kwa Kiswahili, mkono kwa mkono. Yeye ndiye atakayekuwa pale maji yatakapohama, na mara nyingi ndiye atakayekupigia kukwambia yamehama. Mwachie namba yako, na mkubaliane mwezi wa kurudi kupima tena kutoka mkoma uleule.